Sura ya Sita na Jina la Gleb Oborin

Ohio, 11 Septemba 2023

Shangazi yangu Rimma,

Shikamoo. Najua utatafuta habari za afya kabla ya kusoma neno jingine, kwa hiyo nazitanguliza: mimi mzima, na mume wangu Curtis mzima, isipokuwa goti lake ambalo limeanza kutabiri mvua. Anakusalimu kwa Kirusi chake chote, yaani maneno manne, na mawili kati ya hayo ni ya chakula. Soksi za sufu ulizotutumia zilifika Julai, jua likiyeyusha lami, na bado alizivaa siku ileile akaenda nazo dukani. Watu walimtazama. Hakujali.

Jirani yako Faina hajambo? Na binti yake aliyehamia Almaty, amepata nyumba? Umeshavuna viazi?

Sasa nikwambie. Kitabu kimekubaliwa! Shirika la uchapishaji la chuo kimoja huku limesema ndiyo, baada ya miaka minane ya kuandika na kufuta. Unajua huku wasomi wanaoandika kwa Kiingereza kuhusu Urusi ya leo ni wengi, na vitabu vyao nimevisoma mpaka macho yamechoka. Vingi ni vizuri. Lakini vingi pia vinakaa Moscow, kana kwamba nchi nzima ni jengo moja lenye korido ndefu. Mhakiki mmoja, ambaye jina lake wamenificha kama ilivyo desturi, ameandika hivi kuhusu changu: "Hatimaye mtu ameshuka kwenye treni kabla haijafika Moscow." Nilicheka, kisha nikalia kidogo.

Kitabu kinaeleza maisha ya gazeti letu dogo, Sauti ya Ust-Vishim, tangu lilipoanzishwa mwaka 1990 mpaka lilipokufa 2004. Nisingekiandika bila wewe. Ulikuwa msomaji prufu wake, wa kusahihisha kila ukurasa kabla haujachapwa, miaka kumi na minne, kisha ukahifadhi matoleo yote 703 kwenye shimo la viazi, yamefungwa kwa kitambaa cha plastiki, wakati kila mtu mwingine alikuwa anayatumia kuwashia jiko. Yale majuma matatu ya 2019 tuliyokaa jikoni kwako tukipiga picha ukurasa baada ya ukurasa ndiyo kitabu chenyewe. Nimeweka jina lako mwanzo kabisa wa ukurasa wa shukrani.

Swali moja tu. Sura ya sita inaeleza jinsi mhariri, Gleb Oborin, alivyoliuza gazeti kwa kampuni ya kiwanda. Nina picha ya mkataba wenye sahihi yake, wa tarehe 19 Machi 2004, na nina maneno ya marehemu baba. Je, kuna unalokumbuka la kuongeza? Prufu zirudi kwa mchapishaji kabla ya tarehe 31 Januari.

Mwanao anayekushukuru,
Zoya

*

Ust-Vishim, 8 Oktoba 2023

Zoya mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika jana, imefunguliwa na kugundishwa tena kwa gundi mbaya. Wangeniomba mimi ningewagundishia vizuri zaidi.

Niko salama. Viazi nimevuna magunia sita, kabichi imekuwa kubwa kuliko kichwa cha diwani wetu, na matango nimeyatia chumvi na majani ya mkaranti, kile kichaka cha nyuma ya nyumba. Faina amenigawia uyoga, tumekula mpaka tumechoka kutazamana. Binti yake amepata nyumba Almaty, ghorofa ya kwanza, ana bustani ya hatua tatu.

Nimefurahi kuhusu kitabu. Nilisimama jikoni nikasema kwa sauti: "Lev, mtoto wako ameandika kitabu." Picha ya kaka yangu iko juu ya friji, kwa hiyo sikuwa nazungumza na hewa.

Mambo mawili. Kwanza, jina langu lifute. Si hasira. Lifute tu, uandike "jamaa yangu", au usiandike kitu, nitajua mwenyewe.

La pili, hiyo sura ya sita. Mimi ningekuwa wewe nisingeiharakisha.

Kuna baridi ya mapema mwaka huu. Mwambie Curtis asivae soksi hizo na viatu vya kubana, zitatoboka kisiginoni. Na kwenye barua yako ukurasa wa pili umesahau mkato mahali pawili.

Shangazi yako

*

Ohio, 2 Desemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Tuko wazima. Barua yako ya Oktoba imeingia juzi. Hii nimeipitisha kwa binti wa Faina kule Almaty, isifunguliwe njiani, aibebe atakapokuja kwenu Mwaka Mpya.

Jina lako nimelifuta. Niliumia, lakini nimelifuta.

Kuhusu sura ya sita, sikuelewi, Shangazi. Mwaka 2019 nilikuuliza mara tatu na mara zote ulinyanyuka ukaenda kuangalia birika. Kama kuna mtu amekuja kukutisha, niambie kwa njia yoyote, nitaitoa sura nzima hata kesho. Lakini kama ni kwamba unamwonea Oborin huruma, basi mimi siwezi. Baba alikufa akisema jina la mtu huyo kama anayetema mfupa. Walijenga gazeti lile pamoja, mmoja akiandika, mwingine akiendesha mtambo wa kuchapia, halafu mmoja akaliuza mwenzake akiwa hospitalini na figo. Nimeandika hivyo. Nina mkataba.

Nisamehe kwa ukali. Sijalala vizuri. Nakuombea heri ya Mwaka Mpya, na nakushukuru kwa kila kitu, pamoja na mikato miwili.

Zoya

*

Ust-Vishim, 2 Januari 2024

Mwanangu Zoya,

Heri ya mwaka. Binti wa Faina anaondoka kesho asubuhi na barua hii iko ndani ya boksi la biskuti, kwa hiyo leo nitasema. Tumekula saladi siku mbili, theluji imefika dirishani, mimi ni mzima. Hakuna aliyekuja kunitisha. Sasa kaa chini.

Baba yako hakulazwa hospitalini mwezi ule. Nilikudanganya kwenye simu. Ulikuwa Ohio mwaka wa tatu, una mitihani, na Lev mwenyewe aliniapisha baadaye nisikwambie. Alikuwa mahabusu, siku kumi na mbili.

Unakumbuka zile makala za mto, samaki waliokufa chini ya bomba la kiwanda? Tulitoa nne. Kabla ya ile ya tano, wakaja watu wakasema Lev ameiba roli kumi na moja za karatasi. Lev! Mtu aliyekuwa anarudi kutoka nyumbani kurudisha kalamu ya risasi ya ofisi. Wakamchukua. Kisha akaja bwana mmoja wa kampuni, mpole, ananukia marashi, akamwambia Oborin: tia sahihi gazeti liwe letu, na fundi wako Jumamosi atakula chakula cha mchana kwake.

Oborin alikataa. Siku tisa alikataa, Zoya. Alikwenda mjini Perm kutafuta wakili, aliandika barua kila mahali, alilala ofisini kwenye viti viwili. Alidhani atashinda, na mimi nilidhani hivyo.

Siku ya kumi waliniruhusu kumpelekea Lev kifurushi. Nilimwona kwa dakika tano. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Dawa zake za moyo walikuwa wamezichukua na hawakuzirudisha. Alinitania, "Rimma, chakula cha hapa kizuri kuliko chako." Hakuweza kumaliza kucheka.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Oborin. Sikuvua hata koti.

"Mhariri," nikamwambia, "tia sahihi."

"Unajua unachoniomba?"

"Najua. Nimesoma kila herufi ya gazeti hili miaka kumi na minne. Tia sahihi."

"Rimma, tukingoja wiki moja tu..."

"Wiki moja tutamzika."

Alitafuta kalamu, hakuona hata moja kwenye ofisi ile iliyojaa kalamu. Nikampa yangu ya kusahihishia. Tazama vizuri picha yako ya mkataba. Sahihi ni ya wino mwekundu. Ule wino ni wangu.

Alipomaliza akasema ana sharti: Lev asijue kamwe. "Akijua," alisema, "atarudi mwenyewe kituoni na kudai wamfunge." Tulicheka, kwa sababu ilikuwa kweli tupu. Hatujacheka pamoja tena tangu siku ile.

Jumamosi Lev alirudi nyumbani. Akaamini wamemwachia kwa kuwa hawakupata ushahidi. Jumatatu akasikia gazeti limeuzwa. Alikwenda akamwita Oborin mchuuzi mbele ya wafanyakazi wote. Oborin alinitazama mimi. Nami nikatazama sakafu.

Kaka yangu aliishi miaka saba mingine. Kila mwaka nilijiambia nitamwambia, na kila mwaka moyo wake ulikuwa dhaifu zaidi na chuki yake imezoea kukaa. Alipofariki 2011, alikuwa ameacha neno kwamba Oborin asiingie makaburini siku ya mazishi. Mimi ndiye niliyesimama langoni kumzuia. Alivua kofia, akabaki barabarani, na mvua ilikuwa inanyesha.

Ahadi nimeivunja leo. Aibu inabaki, hiyo ni yangu. Lakini usichapishe kwa lugha yoyote ya dunia kwamba mtu yule alimuuza baba yako.

Rimma

*

Ohio, 24 Januari 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika juzi. Niliisoma ndani ya gari, kwenye maegesho ya chuo, injini inaunguruma, mpaka mlinzi akaja kugonga kioo akidhani nimezimia. Nilimwambia niko sawa. Alinipa leso ya karatasi akaondoka bila swali. Namshukuru na yeye.

Nilifungua picha ya mkataba nikaikuza. Wino mwekundu. Nimeitazama sahihi ile miaka minne, nimeiandikia tanbihi ya mistari kumi na mbili, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mhariri atie sahihi kwa rangi ya msomaji prufu. Hiyo ndiyo kazi yangu, Shangazi. Kuuliza maswali kama hayo ndiyo kazi ninayosema nimeisomea.

Nilikwenda kwa mwalimu wangu, Winifred Stahl. Nilikusimulia habari zake: ana miaka themanini na mitatu, ameandika kuhusu nchi yetu maisha yake yote, na sasa haruhusiwi tena kuingia nchini. Bado saa yake ya mkononi iko kwenye saa za Perm, anasema hajaona sababu ya kuibadilisha. Nilimweleza bila kutaja jina. Akasema, "Kwenye kitabu changu cha kwanza kuna watu wawili niliowahukumu kwa hati moja moja. Mpaka leo sijui kama niliwaonea. Wewe umebahatika, binti. Umeambiwa kabla ya mtambo kuwashwa. Una kama wiki moja. Nenda kakae kwenye kiti."

Nimekaa. Curtis anapika, ananisogezea sahani, haniulizi. Nimekata kurasa kumi na mbili. Jana nilimpigia mhariri wa shirika.

"Una ushahidi gani mpya?" akaniuliza.

"Barua ya shangazi yangu."

"Tunaweza kuitaja?"

"Hapana."

Akasema itabidi awaulize wahakiki.

Lakini nataka kukwambia jambo jingine. Usiku nilihesabu ile miaka saba. Mwaka 2006 baba alikuja hapa, akakarabati baiskeli za mtaa mzima. Mwaka 2008 alikuja harusini, akacheza na mama mkwe wangu mpaka kisigino cha kiatu chake mama wa watu kikavunjika. Baba aliniambia mambo kuhusu mama yangu ambayo hakuwahi kuyasema. Yote hayo niliyapata kwa sababu wewe hukuvua koti, na kwa sababu yule bwana alitia sahihi. Nimemchukia mtu aliyenipa baba miaka saba. Na wewe ulibeba peke yako. Huna aibu yoyote ya kubeba mbele yangu, Shangazi. Nina shukrani tu, na ni nyingi mno, sijui niziweke wapi.

Nakuomba umuulize: anakubali niandike ukweli, na jina lake?

Zoya

*

Ust-Vishim, 18 Februari 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara nne, ya mwisho bila miwani, kwa kuwa nilikuwa nimeikariri. Nakushukuru. Zaidi ya hapo sitaandika, karatasi italowa.

Nilikwenda kwa Oborin. Anakaa ghorofa ya nne, hakuna lifti, na nina miaka sabini na minne, kwa hiyo nilipumzika kila ghorofa nikijifanya nasoma matangazo. Miaka kumi na mitatu tunaishi mji mmoja, yeye akiniona sokoni anavuka barabara, mimi nikimwona nazama kwenye kapu la vitunguu.

Alifungua. Amekuwa mwembamba, ana paka mmoja jeuri. Akasema, "Rimma. Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimevunja ahadi."

Akasogea nipite. Tulikunywa chai. Nilimweleza kuhusu kitabu, na kwamba sura imekatwa, na kwamba unaomba ruhusa. Alisikiliza huku anamkuna paka.

"Mwambie asikate kitu," akasema. "Aache kama ilivyokuwa."

"Kwamba wewe ni msaliti?"

"Msaliti ni koti zuri, Rimma. Lina joto. Miaka ishirini hakuna mtu aliyekuja kunipekua, kwa sababu kila mtu anajua Oborin ameshanunuliwa. Halafu leo Mmarekani aandike kwamba nilikuwa jasiri? Siku hizi ukisifiwa kutoka kule, majirani wanaanza kukutazama upya. Aache koti langu."

"Si Mmarekani. Ni mtoto wa Lev."

"Ndiyo maana," akasema. "Mtoto wa Lev anahitaji kitabu kitoke. Bila msaliti, sura haina nguvu. Mimi ni mhariri, najua."

Nikamwambia wewe huchapishi uongo, hata mtu akikuomba kwa magoti. Akatabasamu, kisha akaenda dirishani akanipa mgongo. Aliniambia nisirudi mpaka barafu iyeyuke, ngazi zinateleza.

Na sasa wewe. Mimi nilikuwa nasoma prufu, mwanangu. Kazi yangu ni kuona kilichoruka. Barua tatu mfululizo hujataja wanafunzi wako. Zamani haikupita mistari kumi bila yule anayekula ndizi darasani au yule anayelia akifika kwenye vitenzi. Wako wapi?

Shangazi yako

*

Ohio, 25 Machi 2024

Shangazi Rimma,

Shikamoo. Umenikamata.

Chuo kinafunga idara yetu ya Kirusi. Wanasema wanafunzi wamepungua, na ni kweli wamepungua. Mkataba wangu unaisha Mei. Nilijua tangu Agosti. Sikukwambia kwa sababu nilitaka upate habari moja nzuri isiyo na mkia. Mla ndizi amehamia uhasibu. Yule wa vitenzi ameniletea ua kwenye chungu na kadi yenye makosa matano ya sarufi, nimeitundika ukutani. Usihuzunike: kuanzia Juni nitafanya kazi kwenye hifadhi ya nyaraka ya wilaya, kupanga magazeti ya zamani ya wakulima na ya makanisa. Nilipoambiwa yako kwenye chumba cha chini chenye unyevunyevu nilikaribia kuwakumbatia. Shimo la viazi nalijua.

Kuhusu kitabu: mhakiki mmoja aliandika kwamba mwanahistoria hana haki ya kusema "najua lakini sisemi". Mwalimu Stahl, ambaye hawezi tena kupanda ngazi za jengo lao, aliwapigia simu na kuzungumza nao saa nzima. Sijui alisema nini. Wamekubali. Kitabu kitatoka Septemba, na sura ya sita sasa inaishia na maneno haya: "Mwezi Machi 2004 gazeti lilipita mikononi mwa wengine. Namna ilivyotokea naijua, na haimwaibishi mtu yeyote wa gazeti. Wanaohusika wana haki ya kuieleza kwanza kwa wale wanaowataka wao." Hakuna msaliti, na jina la Bwana Oborin linatajwa tu pale alipoandika makala nzuri, yaani mara arobaini na sita.

Naomba umsomee haya:

"Mheshimiwa Gleb Oborin. Mimi ni Zoya, binti wa Lev. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili ulipoanza kuniruhusu kukaa chini ya meza yako ya ofisini na kula sukari ya donge. Nilikua, nikasoma, nikapata shahada ya uzamivu, na kwa elimu hiyo yote nikakuandika vibaya. Naomba radhi. Koti lako sitaligusa. Lakini nataka ujue kwamba kuna nyumba moja Ohio ambamo jina lako linatajwa mezani, kabla ya kula, na mume wangu ambaye hajui Kirusi amejifunza kulitamka. Sasa maneno yake ni matano. Ulimrudisha baba yangu. Asante."

Zoya

*

Ust-Vishim, 16 Mei 2024

Zoya mwanangu,

Marahaba. Theluji imeondoka, mto umejaa, mimi na Faina tumepanda figili. Binti yake amekuja kwa Pasaka na atabeba hii. Kuhusu chuo chako sitalia. Watu wanaofunga vitu nimewaona wengi, na magazeti ya chini ya ardhi huwa yanawapita umri.

Barua yako kwa Oborin nilimpelekea Aprili, barafu ilipokwisha. Sikumsomea. Nilimpa asome mwenyewe, mimi nikamtazama paka. Alimaliza, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akaniuliza kama nataka jamu ya maboga kwenye chai. Nikasema nataka. Nilikaa mpaka jioni.

Juzi, Jumanne, ilikuwa siku ya kuwatembelea marehemu. Niliamka mapema nikafunga mayai ya rangi na kipande cha keki ya Pasaka, nikapanda kilimani kwa Lev. Nafika, namkuta mtu amekaa kwenye benchi letu ndani ya uzio. Amevaa tai. Ameshang'oa magugu yote na kuyarundika pembeni, mikono imejaa udongo.

"Nimeingia bila ruhusa," akasema.

"Lango ni langu mimi," nikamwambia. "Kaa."

Tulikaa. Nikamenya yai nikampa, akala nusu, nusu akaiweka kwenye jiwe la kaburi. Baadaye akasema, "Rimma, nenda kateke maji."

"Maji ya nini? Mvua imenyesha jana."

"Nenda kateke maji, mwanamke."

Nikaelewa. Nilishuka mpaka bombani na ndoo, nikaijaza, nikaimwaga, nikaijaza tena. Nilisalimia kila kaburi la mtu ninayemjua, na siku hizi ninaowajua wengi wako pale. Nilipogeuka kutazama, alikuwa bado anaongea na jiwe, ameinama mbele, anahesabu kwa vidole kama alivyokuwa akifanya kwenye kikao cha asubuhi: kwanza, pili, tatu. Alikuwa anamsimulia yote kwa mpangilio. Ilichukua karibu saa nzima. Wakati mmoja nilimwona anacheka na kupiga goti lake, na sijui walicheka nini.

Niliporudi hakunitazama usoni. Nikamsogelea Lev, nikaweka mkono juu ya jiwe, nami nikasema yangu. Yalikuwa mafupi: "Kaka, mimi ndiye niliyempa kalamu." Upepo ulikuwa mwingi, Oborin akajifanya hakusikia.

Akaomba mkono ainuke. Tulishuka kilima pole pole, tumeshikana, kama watu wanaotoka kumtembelea jamaa aliyewapokea vizuri. Kituoni, basi likiwa linakuja, akasimama.

"Mwambie binti aandike," akasema. "Jina langu, tarehe, kila kitu. Si lazima mwaka huu. Lakini aandike."

"Na koti lako?"

"Lev ndiye mtu pekee niliyetaka ajue kabla ya wengine. Ameshajua. Sasa nalivua, nimeanza kuhisi joto ndani yake. Na wewe usijifiche nyuma yangu, Rimma. Kalamu ilikuwa yako."

Basi, mwanangu, ruhusa unayo, tumekupa wawili, tukiwa na akili timamu. Lini uitumie, amua wewe. Usituulize tena, tutaanza kubishana. Leo saa kumi anakuja kunywa chai, analeta paka. Nimeoka mkate wa kabichi na bado sijabadilisha nguo, kwa hiyo naishia hapa.

Nakushukuru, Zoya. Umenirudishia rafiki.

Rimma Pavlovna Kolegova,
msomaji prufu